Kama alinipenda, je siku hizi?

Swali lilitoka kwa mama mmoja mtu mzima, darasa la jioni. Mi nafundisha Kigiriki cha Agano Jipya kwa watu ambao si wachungaji wala mapadre, watu wa kawaida tu wanaotaka kusoma wenyewe, na siku hiyo tulikuwa Wagalatia 2:20, ule mstari ambao Wakristo wengi wanaujua kwa kichwa, "ambaye alinipenda, akajitoa nafsi yake kwa ajili yangu". Mama akanyoosha mkono akasema, mwalimu samahani, mbona hapa imeandikwa alinipenda? Kwani siku hizi hanipendi?

Darasa likacheka. Yeye hakucheka, alikuwa anangoja jibu.

Na ukifikiria vizuri ana haki kabisa, maana kwa Kiswahili chetu mtu akikwambia "nilikupenda sana" we unajua tayari kuna lakini inakuja nyuma yake. Nilikupenda ni neno la mtu aliyeshafunga begi. Sasa tunasoma kanisani kila siku alinipenda, aliupenda ulimwengu, alilipenda Kanisa, na hakuna anayeshtuka, mpaka anatokea mtu mmoja anayesikiliza lugha yake mwenyewe kwa masikio ya nyumbani ndo anauliza.

Siku ile nilijibu haraka haraka. Nikasema Kigiriki kina nyakati yake inaitwa aoristo, yenyewe inalitazama tendo lote kwa pamoja kama kitu kimoja, haisemi kama linaendelea au limekoma, basi usihofu. Ni jibu sahihi la kitabuni, na niliona usoni kwake kwamba halijamfikia. (Na nikiwa hapo hapo kwenye aoristo, kuna wahubiri wanaopenda kusema aoristo maana yake "mara moja tu kwa wakati wote". Si kweli jamani. Aoristo haina hiyo kazi, kuna aoristo chungu nzima za watu waliokula na kunywa na kutembea, hakuna aliyekula mara moja kwa wakati wote.)

Nikarudi nyumbani nikaanza kuupekua huo mstari upya, safari hii kwa Kiswahili, tafsiri ya Union ya 1952, na nikaona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu miaka yote. Angalia viambishi: ALInipenda, AKAjitoa. Sasa nenda Waefeso 5:25, Kristo aLIvyolipenda Kanisa, aKAjitoa kwa ajili yake. Waefeso 5:2, aLIvyowapenda ninyi tena aKAjitoa. Yohana 3:16, Mungu aLIupenda ulimwengu, hata aKAmtoa Mwanawe pekee. Kila mara ni li halafu ka, li halafu ka. Huo ndo mtindo wa Kiswahili wa kusimulia tukio, alikuja akakaa akala, yaani jambo lililotokea kweli, lina mahali na siku. Kwa hiyo ile -li- pale haisemi upendo umekwisha, inasema upendo ulifanya kitu, na hicho kitu kina tarehe. Paulo hazungumzii hisia aliyokuwa nayo Yesu kipindi fulani, anazungumzia msalaba.

Na hapa ndo penye hoja yangu yote. Watu wengi wakisikia upendo wa Kristo haubadiliki wanafikiria hisia kubwa sana isiyopoa, kama vile Yesu ana moyo wa kupenda kuliko sisi kwa hiyo anajitahidi kuendelea kutupenda hata tukimchosha. Mi nadhani hapo ndo wasiwasi unapoingia, kwa sababu hisia kila mtu anazijua, hisia zinapanda na kushuka, na mtu yeyote mwenye akili atajiuliza sasa uvumilivu wake utafika wapi. Agano Jipya haliuweki uthabiti wa upendo huo kwenye hisia. Linauweka kwenye vitu viwili, tendo ambalo limeshatendwa haliwezi kutenduliwa, na mtu aliyelitenda ambaye yeye mwenyewe habadiliki.

Warumi 5:8 inaonyesha hicho cha kwanza vizuri kuliko sehemu nyingine yoyote ninayoijua. "Bali Mungu aonyesha pendo lake yeye mwenyewe kwetu sisi, kwa kuwa Kristo alikufa kwa ajili yetu, tulipokuwa tungali wenye dhambi." Ona hapo, aonyesha ni wakati uliopo, alikufa ni wakati uliopita. Kigiriki nacho ni hivyo hivyo, kitenzi cha kwanza kiko wakati uliopo. Kwa hiyo leo hii ukiuliza nioneshe kama napendwa, ushahidi unaoletwa mezani ni wa zamani na bado unatumika leo, haujachakaa. Na tazama pia alikufa lini kwa upande wetu: tungali wenye dhambi. Yaani hali yetu mbaya kuliko zote ilishahesabiwa kabla hajaanza. Mtu aliyekununua akijua kila kasoro yako huwezi kuja kumshtua baadaye kwa kasoro.

Sasa hicho cha pili, mtu mwenyewe. Hapa inabidi turudi nyuma kidogo kwenye historia, vumilieni.

Mwaka 325 maaskofu walikutana Nikea, mji ambao leo uko Uturuki unaitwa İznik, na wengi wetu tunajua walikutana kwa ajili ya mafundisho ya Ario, yule kasisi wa Aleksandria aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa, kwamba kulikuwa na wakati hakuwako. Kanuni ya imani tunayoikiri leo inatokana na hapo, ingawa ile tunayoisema kanisani ni ile iliyopanuliwa, ya Konstantinopoli ya 381. Ila ile ya 325 ilikuwa na mkia ambao baadaye uliondolewa, maneno ya kuwatenga na Kanisa wanaofundisha mambo kadhaa, na moja kati ya hayo ni kusema Mwana wa Mungu anaweza kubadilika au kugeuka. Neno la Kigiriki ni treptos. Wengi wanaosoma habari za Nikea wanaupita huo mkia, mi naona ndo sehemu inayomgusa mtu wa kawaida kuliko zote.

Kwa nini walijali? Kwa sababu kama Mwana ni kiumbe, hata awe kiumbe bora namna gani, basi wema wake ni wa kujitahidi, anakaa mwema kwa sababu anachagua kila siku kukaa mwema, na mwenye kuchagua leo anaweza kuchagua vingine kesho. Upendo wake ungekuwa mzuri sana lakini usingekuwa na msingi zaidi ya nia yake ya siku hiyo. Athanasio, ambaye baadaye akawa askofu wa Aleksandria, alifukuzwa kwenye kiti chake mara 5, jumla kama miaka 17 hivi uhamishoni, kwa kung'ang'ania kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba. Watu wanadhani aling'ang'ania neno la kifalsafa. Alikuwa anang'ang'ania kwamba yule aliyetupenda pale msalabani ni yule yule aliyesema kwa Malaki, "Kwa kuwa mimi, BWANA, sina kigeugeu, ndiyo maana ninyi hamkuangamizwa, enyi wana wa Yakobo." Napenda sana watafsiri wetu walivyoweka kigeugeu hapo. Hawakutafuta neno la chuoni, walichukua neno ambalo mtu anatupiwa akiahidi hivi asubuhi na jioni akawa mwingine.

Halafu ona sababu anayoitoa Malaki: ndiyo maana hamkuangamizwa. Hawakupona kwa sababu walikuwa na nafuu, kitabu chote kinawakemea, walipona kwa sababu aliyefanya nao agano hana kigeugeu.

Lakini ngoja, asibadilike haina maana ni jiwe. Hili kosa nalo lipo na linawaumiza watu, wanamwona Kristo kama mtu aliyekaa mbali na uso usiotikisika. Yule yule asiyebadilika Yohana 11:35 inasema alilia machozi. Alikasirika, alichoka akakaa kisimani, alishangaa, Luka anasema alikua katika hekima na kimo. Mtaguso wa Kalkedonia mwaka 451 ulijaribu kuweka maneno ya hili, mtu mmoja, asili mbili, bila kuchanganyika bila kugeuka bila kugawanyika bila kutengana. Kwa hiyo upendo usiobadilika umeingia ndani ya moyo wa mwanadamu unaodunda na macho yanayotoa machozi. Machozi hayakuwa ishara kwamba amebadilika, yalikuwa ni namna upendo ule ule unavyofika kwenye kaburi la rafiki.

Na kwa kuwa tumefika kwenye kaburi la Lazaro hebu tukae hapo kidogo, maana hapa ndo pagumu kwelikweli na mi siwezi kuandika kuhusu uthabiti wa upendo nikaparuka. Yohana 11:5 na 6. "Naye Yesu alimpenda Martha na umbu lake na Lazaro. Basi aliposikia ya kwamba hawezi, alikaa bado siku mbili pale pale alipokuwapo." (Hawezi hapo maana yake ni mgonjwa.) Hiyo basi! Wanafunzi wangu huwa wanadhani watafsiri wamekosea, wanataka iwe lakini, aliwapenda lakini akachelewa. Kigiriki kina oun, na oun ni basi, kwa hiyo, ndipo. Yohana anaandika kwa makusudi kabisa kwamba aliwapenda, basi akakaa siku mbili. Yaani kuchelewa kunatoka ndani ya kupenda, hakuji kama kasoro ya kupenda.

Alafu fikiria upande wa wale dada wawili. Wametuma ujumbe, na ujumbe wenyewe haukuwa hata ombi, walisema tu yule umpendaye hawezi. Walitegemea neno umpendaye lifanye kazi. Kimya. Siku ya kwanza, kimya. Ndugu anakata roho. Yesu anafika maiti ina siku 4 kaburini. Na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, wanamwambia maneno yale yale, Bwana kama ungalikuwapo hapa ndugu yangu hangalikufa, unasikia kabisa kwamba ni maneno waliyoambiana mara nyingi usiku ule wa kungoja. Hawakukemewa. Martha alipewa jibu la maneno makubwa, mimi ndimi huo ufufuo na uzima, Mariamu alipewa machozi. Upendo mmoja, watu wawili, majibu mawili. Mimi hii sehemu imenifundisha kuacha kumwambia mtu aliyefiwa "Mungu ana makusudi yake" kwa haraka ile tunayoisemaga, maana hata Yesu mwenyewe aliyejua makusudi na aliyejua dakika chache zijazo Lazaro anatoka, alilia kwanza.

Kwa hiyo kama unapima upendo wa Kristo kwa kasi ya majibu utachanganyikiwa sana. Paulo naye hakupima hivyo. Warumi 8:35 anauliza ni nani atakayetutenga na upendo wa Kristo, halafu anataja vitu 7: dhiki, shida, adha, njaa, uchi, hatari, upanga. Ukifungua 2 Wakorintho 11 unakuta yeye mwenyewe ameshapitia karibu vyote, njaa, uchi, hatari za mito na za baharini na za wanyang'anyi, mara 5 viboko 40 kasoro kimoja, mara 3 bakora, mara 3 kuvunjikiwa jahazi. Kilichobaki kwenye ile orodha ni upanga, na mapokeo ya Kanisa la kale yanasema alikatwa kichwa Roma zama za Nero. Yaani huyu haandiki kutoka kwenye kochi.

Kumbuka pia hasemi mambo hayo hayatatupata. Kuna mafundisho yanazunguka siku hizi kwamba ukipendwa na Kristo hutaona njaa wala dhiki, na ukiiona basi kuna shida kwenye imani yako, na mi nasema waziwazi kwamba fundisho hilo haliwezi kuishi chumba kimoja na Warumi 8. Mara tu baada ya hiyo orodha Paulo ananukuu Zaburi ya 44, kwa ajili yako tunauawa mchana kutwa. Waliouawa mchana kutwa ndo hao hao wasiotengwa.

Kisha anamwaga orodha ya pili, mauti, uzima, malaika, wenye mamlaka, yaliyopo, yatakayokuwapo, wenye uwezo, yaliyo juu, yaliyo chini, na kama vile anaogopa kuna kitu amesahau anamalizia kiumbe kinginecho. Uzima kuwemo humo huwa kunawashangaza watu, mi hakunishangazi, nimeona maisha yakiwavuta watu mbali na Kristo wengi zaidi kuliko kifo. Kitu kingine, yaliyopo yamo, yatakayokuwapo yamo, yaliyopita hayamo. Sijengi fundisho juu ya kitu ambacho hakikuandikwa, pengine ni mtindo tu wa kusema, lakini kila nikisoma nakumbuka ile -li- ya mama yule. Yaliyopita ndiko kamba ilikofungwa.

Ah, na swali ambalo huwa linakuja hapa: upendo wa Kristo, ni yeye anatupenda au sisi tunampenda? Kigiriki kina utata ule ule wa Kiswahili, ile -a ya upendo wa Kristo inaweza kwenda pande zote mbili. Hapa mstari wa 37 unamaliza ubishi, "yeye aliyetupenda". Kinachoshikilia ni mkono wake, wangu huwa unatoa jasho na kuteleza.

Twende kwa Petro, maana Petro ndo mtihani wa nadharia yote hii.

Luka 22, kabla Petro hajakana, Yesu anamwambia nimekuombea wewe ili imani yako isitindike, nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako. Angalia utakapoongoka, si ukiongoka. Kwa Kiswahili tofauti ya po na ki hapo ni kubwa kama mbingu na nchi, ukiongoka ni labda, utakapoongoka ni suala la lini tu. Kuanguka kwake kumeshaonekana, kurudi kwake kumeshaonekana, na kazi ya baada ya kurudi imeshapangwa, vyote kabla jogoo hajawika. Usiku ule ule Luka anasema Bwana akageuka akamtazama Petro. Hatuambiwi alimtazamaje, na wahubiri wote tunajaza hapo tunavyotaka.

Yohana ana kitu kidogo ambacho nikikionyesha darasani huwa kunakuwa na kimya. Petro alipomkana alikuwa anaota moto, na Yohana 18:18 inasema ni moto wa makaa, neno anthrakia. Hilo neno kwenye Agano Jipya lote linatokea mara 2 tu. Ya pili ni Yohana 21:9, Yesu amefufuka, yuko ufukweni, wanafunzi wanashuka na nyavu yenye samaki 153, wanakuta moto wa makaa na samaki juu yake na mkate. Nani aliwasha? Yesu mwenyewe. Petro anatoka majini ameloa anakutana na harufu ile ile ya usiku ule. Na mbele ya moto huo anaulizwa mara 3, wanipenda? Mara 3 alikana, mara 3 anaulizwa, na kila akijibu anapewa kazi, lisha kondoo zangu. Hakuambiwa "yaishe". Jeraha lilifunguliwa likasafishwa, na lilimuuma, Yohana anasema Petro alihuzunika. Upendo usiobadilika una uwezo wa kukurudisha mahali ulipoangukia, na si lazima ufurahie hiyo safari.

Sasa hapa kuna lile somo maarufu la agape na fileo, ambalo najua limehubiriwa kwenu nyote. Kwamba Yesu aliuliza kwa agape, upendo wa kimungu, Petro akajibu kwa fileo, urafiki tu, mwishowe Yesu akashuka kwenye kiwango cha Petro. Ni kweli vitenzi vinabadilika, Yesu anatumia agapao mara 2 halafu fileo mara ya 3, Petro anatumia fileo zote. Lakini Yohana anachezea hayo maneno bila kutofautisha: Baba anampenda Mwana, 3:35 ni agapao, 5:20 ni fileo, Baba yule yule na Mwana yule yule. Kwenye Ufunuo 3:19 Kristo mwenyewe anasema wote niwapendao mimi nawakemea, ni fileo. Upande wa pili, Dema alipomwacha Paulo kwa kuupenda ulimwengu huu wa sasa, hilo ni agapao, na kwenye tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale ule upendo mchafu wa Amnoni kwa Tamari, dada yake wa baba mmoja, umeandikwa kwa agapao. Kwa hiyo agape si neno la uchawi, halina utakatifu ndani yake. Nimefundisha vile mi mwenyewe miaka kadhaa na nimetubu. Kinachoufanya upendo wa Kristo uwe vile ulivyo ni nani anapenda na alifanya nini, si kitenzi kipi kilitumika. Watafsiri wetu waliweka wanipenda mara zote tatu na walifanya vizuri.

Kuna watakaouliza, sasa kama haubadiliki si nijifanyie ninavyotaka tu? Paulo alishaulizwa, Warumi 6:1, na alijibu hasha. Mi naongeza tu kwamba anayeuliza hivyo anafikiria upendo kama leseni ya kitu, na Kristo hatoi kitu, anajitoa mwenyewe, sasa utamkimbia yeye ili ukafaidi nini chake? Kanisa la Laodikia, ndo lile linaloambiwa maneno ya Ufunuo 3:19, walipendwa na wakakemewa kwenye sentensi moja.

Na upendo haulazimishi. Marko 10:21 yule tajiri, Yesu akamkazia macho, akampenda, halafu yule akaenda zake kwa huzuni, na Yesu hakumkimbilia kumpunguzia masharti. Yuda alioshwa miguu kama wenzake, akapewa tonge, akatoka nje ikawa usiku. Ndiyo maana Yohana 15 inasema kaeni katika pendo langu, kuna kukaa na kuna kutokukaa. Je mtu aliyeokoka kweli anaweza kutoka asirudi kabisa? Hapo makanisa yanagawanyika, sinodi ya Dort ya 1618 hadi 1619, ya Waprotestanti wa Kikalvini, ilisema Mungu atawalinda wateule wake mpaka mwisho, mtaguso wa Trento wa Wakatoliki mwaka 1547 ulisema neema inaweza kupotezwa kwa dhambi ya mauti na kurudishwa kwa kitubio, Wamethodisti nao wanasema mtu anaweza kuanguka. Sitamaliza ubishi wa karne 5 hapa. Ila ona kwamba wote wanabishana kuhusu sisi, hakuna upande unaosema Kristo ndiye atapoa. Hata Isaka wa Ninawi, mtawa wa Mashariki wa karne ya 7, alipoeleza jehanamu alisema walioko huko wanachapwa na upendo wenyewe, upendo haukuondolewa kwao, wameukosea na sasa unawachoma. Ni wazo zito, sijui kama nalikubali lote, lakini linanisaidia kuona kwamba tofauti haiko kwa jua, iko kwa udongo na nta, jua lile lile linakausha udongo na kuyeyusha nta.

Wiki iliyofuata nikamrudia mama yule na Biblia yangu imejaa karatasi. Nikamwambia, Paulo anasema alinipenda kwa sababu anaonyesha msalaba kwa kidole. Yohana kwenye Ufunuo 1:5 anatumia wakati uliopo, yeye atupendaye, anatupenda sasa hivi. Na Ufunuo 5:6 Mwana-Kondoo amesimama, kana kwamba amechinjwa, hapo Kigiriki kinatumia nyakati ya jambo lililotendeka na alama yake ipo mpaka sasa, na Kiswahili kikaweka ile -me- yetu, amesimama, amechinjwa. Amekufa zamani na kovu lipo kwenye kiti cha enzi. Kwa hiyo una li, una na, una me, zote zipo.

Akauliza, na ile ya jana na leo na hata milele?

Waebrania 13:8. Nikamwambia hiyo kwa Kigiriki haina kitenzi kabisa, imeandikwa tu Yesu Kristo jana na leo yule yule na hata milele, wakati haupo. Na mstari wa juu yake unazungumzia viongozi wao waliowaambia neno la Mungu, unawaambia watazame mwisho wa maisha yao, kwa hiyo inaelekea ni watu waliokwisha kuzikwa, walimu wamekwenda na Kristo waliyemhubiri amebaki.

Akaandika kitu pembeni ya ukurasa wake, sikuona ni nini. Halafu akaweka miwani sawa akasema haya mwalimu, mstari wa 21, siibatili neema ya Mungu, hiyo siibatili ni wakati gani?